Mafuta ya nazi ya hapa Langoni, nyota nne
Jamani haya mafuta nimenunua duka moja hapa Langoni, Lamu, nusu lita, harufu tamu kweli. Ila kusi hii ya Julai naamka alfajiri yameganda chupani kama samli, nikajua nishauziwa feki, kumbe ni baridi tu, yakishuka chini ya digrii 24 hivi yanashikana, weka juani kidogo yanateleza. Ni kama yale mafuta ghafi ya Turkana, yana nta nyingi, yakipoa hayatiririki, ndo maana 2018 yalipoanza kupelekwa Mombasa kwa malori ilibidi matangi ya kutunza joto, na hilo bomba la kuja huku Lamu (tushangoja sana!) lazima lipashwe moto. Kasoro ni chupa, mdomo mwembamba mno, yakiganda huyatoi hata kwa kijiti.