Kitabu cha mwaka cha sekondari ya Marekani, toleo la 1913: utani mtamu, mgongo mbovu

Haya, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu, hakuna spika, hakuna blenda. Kuna kitabu. Wewe unayetaka kutoroka, subiri kwanza: ukurasa wa 84 una kichekesho kimoja ambacho mchapishaji amekimeza neno la mwisho. Neno hilo ninalo, na nalitoa mwishoni mwa vidio. Tulia hapo.

Basi. Hii ni nakala iliyochapishwa upya ya kitabu cha mwaka cha sekondari moja ya Marekani, toleo la 1913. Shule siitaji, muuzaji simtaji, maana nitakayosema si mazuri sana. Uzito, rangi ya jalada, hayo yako kwenye maelezo hapo chini, kasomeni wenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kukishika: hivi vitabu walivitengeneza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wenyewe. Kulikuwa na mhariri, mchoraji, na meneja wa biashara ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kuomba matangazo. Mbele wanakaa walimu, wanafuata wahitimu na picha zao, halafu historia ya darasa, wosia wa darasa, utabiri wa nani atakuwa nani, kalenda ya mwaka, michezo, na nyuma kabisa utani. Mwaka 1910 huko Marekani vijana waliohitimu sekondari hawakufika hata mmoja kati ya 10, na katika hao waliohitimu wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Darasa lilikuwa dogo, wote wanajuana, kwa hiyo utani wao hauelezi chochote. Unarushiwa tu, udake mwenyewe.

Na hapo ndipo ninapokipenda. Sogeza kamera. Zaidi. Hapo.

Ukurasa wa 31, kijana mwenye kola ngumu, nywele kagawanya katikati. Chini ya picha ameandikiwa jina la utani: Daraja. Daraja gani? Hawasemi. Twende kalenda, ukurasa wa 58. Novemba 14: darasa la Kaisari laanza kujenga daraja. Novemba 28: daraja bado. Desemba 12: daraja bado, mwalimu ana mafua. Umeshaanza kushika?

Mwaka wa 1910 karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari za Marekani walikuwa wakisoma Kilatini. Mpangilio wa kawaida: mwaka wa kwanza sarufi, wa pili Kaisari, jemadari wa Roma, na vita vyake vya Galia (Ufaransa ya leo) alivyoviandika mwenyewe, wa tatu hotuba za Cicero, wa nne mashairi ya Virgil. Ndani ya Kaisari, kitabu cha nne, sura ya 17, kuna daraja alilojenga juu ya mto Rhine mwaka 55 kabla ya Kristo. Sura hiyo ilikuwa jinamizi. Vita mwanafunzi anaweza kubahatisha: huyu kapiga, yule kakimbia. Daraja hulibahatishi. Ni useremala mtupu: magogo ya unene wa futi moja na nusu, yanafungwa mawili mawili kwa nafasi ya futi mbili, yanapigiliwa mtoni kwa kuinama, mengine yanaelekea mto unakokwenda, mengine yanaukabili mkondo. Ukikosa neno moja, daraja zima linaanguka na wewe uko ubaoni umesimama.

Sasa wosia, ukurasa wa 67. Daraja anamwachia mdogo wake wa mwaka wa pili farasi wake mdogo, "kwa sharti amlishe vizuri." Farasi mdogo ni nini? Ni tafsiri ya Kiingereza ya Kaisari, mstari kwa mstari, iliyokuwa ikiuzwa waziwazi na ikifichwa chini ya dawati. Waliiita poni kwa sababu unampanda, anakuvusha. Wakenya mwakenya wao wanaujua, Watanzania kudesa tunakujua. Hiyo ndiyo poni, ila hii ilikuwa na jalada na bei.

Sawa. Picha, kalenda, wosia. Ndipo tunafika 84. Mwalimu anauliza: "Kaisari alijenga daraja kwa siku ngapi?" Daraja anajibu: "Siku kumi, mwalimu. Lakini yeye hakulazimika kuli..."

Kuli nini? Kulipa? Kulipaka rangi? Kulivuka? Neno limeingia kwenye mkunjo wa katikati! Ona. Nakibonyeza kwa kidole gumba, hakuna. Nakibonyeza kwa mikono miwili... mmesikia hiyo? Hiyo ni gundi ya mgongo inaachia. Ukirudia mara tatu hivi kurasa zinaanza kutoka kama karanga.

Kwa nini imekuwa hivi? Vitabu vya namna hii vilishonwa. Kurasa 16 zinakunjwa fungu moja, mafungu yanashonwa kwa uzi, kitabu kinalala wazi juu ya meza. Muuzaji huyu kaskani kitabu cha kale bila kukifungua vizuri, kivuli cha mgongo kikala kama sentimita moja ya ukingo wa ndani. Halafu kachapa na kubandika kwa gundi tu, gundi nayo ikala sentimita yake. Ukurasa wa 84 uko mkono wa kushoto, utani umepangwa safu mbili, kwa hiyo safu ya kulia inakosa herufi tano au sita mwisho wa kila mstari. Kwenye picha ya walimu hupotezi kitu. Kwenye kichekesho umepoteza chote, maana kichekesho kinakaa neno la mwisho.

Na bado. Ukurasa wa asili ulikuwa na upana wa sentimita 18, huu ni 15. Herufi za pointi 8 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) zimeshuka hadi karibu 7. Matangazo yaliyokuwa pointi 6 sasa ni 5, chukua kioo cha kukuzia. Nyuso za wahitimu nazo zina mistari ya mawimbi kama shati limewekwa mbele ya kamera ya simu. Picha za wakati ule zilichapwa kwa vitone vidogo, na skana nayo inasoma kwa vitone vyake. Vitone vikipishana na vitone, unapata mawimbi. Dawa inajulikana: skani kwa doti 600 kwa inchi, lainisha kidogo, ndipo upunguze ukubwa. Hakufanya.

Hivi niliwaambia? Chaneli imebadilisha ratiba, sasa tunakutana Jumamosi. Na tangazo la mdhamini linakuja hapa katikati. Msilalamike, maana kitabu hiki kilifanya hivyohivyo. Hawa vijana waliuchanganya utani na matangazo makusudi, ili ukifuata kichekesho macho yapite kwa muuza makaa ya mawe. Na tazama pembeni ya kichekesho cha Daraja wameweka tangazo la nani: duka la nyasi kavu na shayiri! Chakula cha farasi! Poni wa kwenye wosia kapata malisho ukurasa wa 84. Mhariri huyu alikuwa mtu hatari, namvulia kofia.

Kuna jedwali pia ukurasa wa 79, safu nne: jina, anavyoonekana, msemo wake, mwisho wake utakuwa nini. Bahati nzuri limechapwa katikati ya ukurasa, mkunjo haujaligusa. Nilianza nikitaka kusema msinunue kabisa, ila kwa jedwali hili narudisha nusu nyota. Wanafunzi wapya wanaitwa "wabichi" kitabu kizima na kuchorwa na chupa za maziwa. Njuka wetu, mono wa Kenya, poleni, hamkuanza nyinyi.

Kitu kingine mjue kabla ya kumpa mtoto: kurasa mbili zina utani wa kuwadhihaki Wamarekani weusi, wa kuigiza wanavyoongea. Vitabu vingi vya aina hii vya miaka ile vina hayo, na hauchekeshi hata kidogo. Wakati huohuo M Street High School ya Washington, shule ya weusi iliyohamia jengo jipya mwaka 1916 na kuitwa Dunbar, ilikuwa ikifundisha Kilatini hichohicho.

Bei: dola 28, na usafiri hadi Dar unazidi kitabu chenyewe. Kama lazima ununue, muombe muuzaji picha tatu kwanza: ukurasa mmoja wa wahitimu, uone mawimbi, ukurasa mmoja wa utani wa mkono wa kushoto, uone mkunjo, na wa mwisho wa matangazo, maana wengine wanayakata kupunguza karatasi. Akikutumia picha ya jalada tu, achana naye.

Au usinunue. Vitabu vilivyochapishwa Marekani kabla ya 1929 havina tena hakimiliki huko, na maktaba nyingi za miji zimepandisha vyao Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bure. Hiki nacho kipo. Kurasa 112 ni karatasi 28 za A3, pande mbili. Kunja nne nne, unapata mafungu saba ya kurasa 16. Toboa matundu matano kwenye kila mkunjo, shona kwa uzi wa katani, acha ukingo wa ndani sentimita mbili. Fundi wa steshenari akikwambia pini zinatosha, mkatalie.

Mimi nimefungua ule wa bure, nikaenda 84, mkono wa kushoto, safu ya kulia. Mwalimu: "Kaisari alijenga daraja kwa siku ngapi?" Daraja: "Siku kumi, mwalimu. Lakini yeye hakulazimika kulitafsiri."