Programu ya kutafsiri kwa Kihispania: inavyolichukulia neno «pole»

Ninafanya kazi ya kuwaongoza wageni wanaovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, na kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia programu ya simu ya kutafsiri kila ninapopata wazungumzaji wa Kihispania wasiojua Kiingereza. Kwa bei, muda wa mashua na maelezo ya magofu, imenifaa sana: habari za Msikiti Mkuu, au za msafiri wa kale Ibn Battuta kufika hapa mwaka 1331, hueleweka bila shida, hata mtandao unapokatika, maadamu lugha zimepakuliwa mapema.

Taabu ipo kwenye maneno ya adabu. Siku moja maji yalikuwa yamekupwa, tukalazimika kushuka na kutembea majini, na mama mmoja kutoka Hispania akateleza, akachubuka goti. Nikaiambia simu, «Pole sana, mama,» nayo ikatamka, «Perdón, señora.» Akanitazama kwa mshangao, akajibu kwamba sikuwa na kosa lolote, baadaye mumewe akaniuliza, kwa upole lakini kwa makini, kama mashua ilikuwa na hitilafu tuliyoijua. Mimi nilimpa mkewe pole, simu ikanifanya mkosaji.

Jioni nilikaa nikajaribu neno moja moja, na kila dalili ikaonyesha kwamba programu hupitia kwanza katika Kiingereza, ambako «sorry» hubeba pole na samahani kwa pamoja, kisha hubahatisha. Linalonisikitisha ni kwamba Kihispania kina maneno ya kutosha kuyatenganisha. «Lo siento», yaani nalihisi jambo hilo, humfaa aliyepatwa na jambo, ingawa hutumika pia kukiri kosa. «Perdón» na «disculpe» ni za kuomba radhi au kumsimamisha mtu umuulize njia, na «disculpe» ni ya mtu unayemheshimu, ilhali rafiki huambiwa «disculpa». Anayetaka kupita katikati ya watu anaweza kusema «con permiso». Msibani husemwa «le acompaño en el sentimiento», kwamba ninafuatana nawe katika hisia zako, maneno ambayo mtu wa Pwani huyaelewa mara moja. Asiposikia vizuri, Mhispania huuliza «¿cómo?» au «¿perdón?», lakini mgeni wangu kutoka Meksiko alisema «¿mande?», yaani niagize, nami nikaikumbuka lebeka tuliyofundishwa utotoni.

«Pole na safari» ndiyo iliyoshindikana kabisa. Programu ilitoa «lo siento por el viaje», na wageni waliofika kwa basi kutoka Dar es Salaam wakadhani ninawaomba radhi kwa safari ambayo sikuipanga mimi. Siku hizi huandika «Natumaini mmesafiri salama», na kwa aliyeumia huandika «Ninasikitika kwamba umeumia», sentensi nzima, ambazo hutafsiriwa vizuri.

Naipa nyota tatu kati ya tano, na ninaendelea kuitumia. Nimewatumia watengenezaji marekebisho mara tatu kupitia sehemu ya maoni, nikieleza tofauti ya pole na samahani kwa mifano. Wiki hii nilipojaribu tena, pole ikiwa peke yake bado ilitoka «perdón».