Ngazi ya Sipi: kushuka bure, kupanda shilingi 5,000

Mtu anayekaa chini ya ngazi akingoja mshuke kwanza ndipo awadai, huyo halindi njia. Katega.

Maporomoko ya maji ya Sipi, kwenye mlima Elgon mashariki mwa Uganda, ni matatu, na vijia vya kuyafikia hupita kwenye mashamba ya watu, katikati ya mibuni na migomba. Mwenye shamba kudai chochote ni haki yake, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mwongozaji aliyetuambia barabarani "kila kitu kimo humo," akapokea hela yote, kisha tulipomaliza kutazama poromoko kubwa na kurudi kwenye ngazi ya mbao akawa bubu. Kijana mmoja kasimama mbele ya kipandio cha kwanza: 5,000 kila kichwa. Tutafute njia nyingine? Ipi, kwenye genge lile la mwamba? Mama mtu mzima tuliyekuwa naye akamwita "mwanangu." Jibu: "Mimi si mwanao, toa pesa."

Kwa hiyo msiulize "bei gani?" Ulizeni mtavuka mashamba mangapi, nani anawalipa wenyewe, na kama bei ni ya kwenda na kurudi. Aandike kwenye karatasi. Mpeni nusu, nyingine mkishafika tena barabarani. Noti za 1,000 na 2,000 mzitafute mjini Mbale kabla ya kupanda taksi ya Kapchorwa inayopita Sipi, maana ukitoa 20,000 pale chini, chenji haipo na haitakuwapo.

Ngazi yenyewe huloa saa zote kwa manyunyu ya poromoko. Shuka ukiielekea, mtu mmoja mmoja, na ukanyage pembeni kipandio kilipopigiliwa misumari. Katikati ndipo kinapopinda na kuvunjika. Simu itie kwenye kavera (mfuko wa plastiki), mikono yote miwili ibaki huru.

Anzeni na hilo kubwa, la chini kabisa, asubuhi. Wengi huliacha mwisho, wakakutwa na mvua ya mchana ya Elgon kwenye mteremko mkali kuliko yote. Udongo wa volkano ukinywa maji huwa sabuni, hujaza nyayo za raba hadi meno yote yakafutika, na hapo hata kijiti cha kukwangulia kina thamani kuliko mwongozaji. Shuka kiubavu, fimbo upande wa bondeni. Ukiteleza usidake mbuni: tawi hukatika, wewe huanguka vilevile, na mwenye kahawa anakuja na hesabu yake.

Poromoko la kati lina pango nyuma ya maji, la juu halina taabu. Yote matatu kwa miguu ni saa tatu au nne, kisha bodaboda iwarudishe barabarani. Msingoje jioni. Taksi za kurudi Mbale haziondoki mpaka zijae, na giza likishaingia abiria hawapatikani.

Nilishaamua kuandika "msiende." Lakini kusema kweli, maji yale yanashuka karibu mita 100 na sehemu yake hugeuka moshi kabla ya kugusa mwamba, ukigeuka unaona tambarare za kuelekea Karamoja zimelala hadi macho yachoke. Na kahawa! Inatwangwa kwenye kinu, inakaangwa mbele yako, inatwangwa tena, unakunywa ikingali moto. Kwa hiyo nendeni.

Hapana, ngoja. Mwenye wazazi wazee asiwapeleke kwenye ngazi ile. Poromoko kubwa linaonekana vizuri sana kutoka ukingo wa juu, na huko hakuna wa kumzuia mtu asipande. Wenye magoti mazima washuke, karatasi mfukoni, nusu ya hela mfukoni.

Mkimkuta kijana yule, mwambieni mama yake anamsalimu.