Stelingi ya pikapu ya porini: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Pikapu inayopanda Amani kutoka Muheza, inayoteremsha mboga toka Mlalo, au inayoshinda kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, inamaliza stelingi mapema kuliko ya mjini. Vifaa vya kuiimarisha ni vingi na bei zake zimepishana mno. Hapa tumevipanga kwa thamani yake kwenye barabara zetu za Tanga, na mpangilio unafuata kanuni moja: ondoa ulegevu kwanza, ongeza uimara baadaye, nguvu ya haidroliki iwe ya mwisho. Wauzaji wengi huanzia mwisho, maana huko ndiko kwenye faida.

Kabla ya kutoa hela

Jua stelingi yako ni ya aina gani. Land Cruiser za familia ya 70, ile tunayoiita mkonga, pamoja na pikapu zake za 79, zina ekseli nzima mbele (magurudumu mawili kwenye mhimili mmoja) na stelingi boksi, yaani sanduku la gia linalopokea mzunguko wa usukani. Hilux Vigo ya 2005 na Revo iliyofuata zina reki (fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia), na kila gurudumu la mbele linajitegemea. Kifaa cha huku hakifungwi kule.

Jua pia upande wa usukani. Reki au draglinki (fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni) iliyofunguliwa kwenye gari la Dubai, au seti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ni ya usukani wa kushoto, na hakuna fundi atakayeigeuza ikakaa kwenye gari la kwetu. Agiza kwa anayeuza vifaa vya Japani, Thailand, Australia au Afrika Kusini, na muulize swali hilo hata kama picha ya kifaa inafanana kabisa na chako.

Kisha kagua. Gari liwe chini kwa uzito wake, hendibreki juu, kigingi nyuma ya tairi, injini inawaka. Mmoja ayumbishe usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo bila kusimama; mwingine alale chini akigusa kila kiungo. Kiungo kinachocheza kinasikika kidoleni kabla jicho halijakiona. Usipige jeki kwa jaribio hili, kwa sababu ulegevu unafichuliwa na uzito. Ukimaliza ndipo uinue: tikisa gurudumu kwa kulishika kushoto na kulia kupima tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu), halafu juu na chini kupima beringi na kingpini au boljointi, viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Mwisho pima ukingo wa usukani unasogea kiasi gani kabla tairi halijaitika. Kwenye gari la reki zaidi ya milimita 30 ni tatizo. Boksi linavumilia hadi kama 40.

1. Tairodi endi na reki endi

Endi ni viungo vya kwenye ncha za fimbo za stelingi. Hapa ndipo hela ya kwanza iende, hata kama gari lina tairi za kawaida. Seti nzima ya endi halisi kwa kawaida haifiki bei ya tairi moja jipya la porini. Land Cruiser ya ekseli nzima ina endi nne, mbili za tairodi na mbili za draglinki. Zibadilishe zote pamoja. Hilux ya reki ina endi mbili za nje na reki endi mbili za ndani. Mafundi wengi hubadilisha za nje tu, maana za ndani zinataka ufungue mpira wa reki, na mteja anarudi baada ya siku chache akisema gari bado linatangatanga.

Chapa ya 555 ya Japani inaheshimika sana, ndiyo maana feki zake zimejaa. Muuzaji wa Ngamiani au Kariakoo akikuambia "hii OG, bosi," usibishane naye, shika kifaa mkononi. Chezesha mpini wake kwa vidole: endi nzuri ikiwa mpya ni ngumu, na inakukatalia sawasawa kila upande. Inayolala yenyewe ukiigeuza, mrudishie. Bonyeza kofia ya mpira, iwe laini na iwe imebana shingoni pande zote, kwani vumbi la Handeni na chumvi ya Pangani vinaingilia hapo hapo. Zungusha nati kwa mkono mpaka mwisho wa nyuzi; ikikwama katikati, nyuzi zimekatwa vibaya.

Wakati wa kufunga, kosa kubwa liko kwenye koni, ile sehemu ya mpini wa endi iliyochongoka. Futa tundu la mkono wa gurudumu hadi ling'ae, paka koni rangi ya kalamu ya maki, ingiza, zungusha, toa. Rangi iwe imefutika karibu koni nzima. Ikifutika juu tu au chini tu, ama tundu limekwisha ama endi ni ya modeli nyingine. Dalili ya pili: unakaza nati inafika mwisho wa nyuzi na koni bado haijabana. Fundi akitaka kuongeza washa hapo, mzuie; koni hiyo itacheza, italipanua tundu, na siku moja itachomoka ukiwa kwenye kona za Soni. Nati ya taji ikikazwa na tundu la pini lisilingane, songa mbele kidogo mpaka lilingane. Kamwe usirudi nyuma.

2. Bushi na marekebisho ya kasta

Kwa gari lililoinuliwa hii ingeweza kuwa namba moja. Kwenye Land Cruiser yenye springi za koili mbele, kila inchi moja unayoinua inakula takriban digrii moja ya kasta, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma unaorudisha usukani katikati. Ukiinua inchi mbili umepoteza kama digrii mbili: usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na ukifika lami ya Segera kwa mwendo wa 80 gari linaogelea. Watu wengi hununua shokapu ya stelingi kutibu hilo, na haitibu. Dawa ni bushi za kasta zenye tundu la pembeni. Zinatosha kwa inchi mbili hivi. Ukizidi hapo utahitaji mikono mipya ya ekseli.

Kuinua pia kunaisogeza ekseli upande mmoja, kwa hiyo panhadi (fimbo inayoizuia ekseli isiende pembeni) ya kurekebishika inafaa. Angalizo: panhadi na draglinki zibaki sambamba. Ukishusha moja ukaiacha nyingine, kila tairi likiingia shimoni gari litajipinda lenyewe bila wewe kugusa kitu.

Mwenye Hilux anunue bushi za kushikilia reki za poliyurethani. Ni hela ndogo, na ni kazi ya nusu siku.

3. Tairodi nene

Hii ni kwa wenye ekseli nzima tu. Tairodi ya kiwandani ni bomba linalopita nyuma ya ekseli. Likigonga jiwe au kisiki cha mkonge hupinda, na likipinda linakuwa fupi: nyuma ya tairi zinavutwa ndani, mbele zinafunguka, na gari linateremka likisugua mpira njia nzima.

Nunua ya bomba lisilo na mshono lenye unene wa ukuta usiopungua milimita 6, au ya chuma kizima. Ncha moja iwe na nyuzi za kawaida na nyingine za kinyume, ili upange matairi kwa kuzungusha fimbo bila kufungua endi. La muhimu zaidi, ipokee endi za kawaida za Toyota. Zipo zinazouzwa na viungo vya mpira wa chuma vilivyo wazi, vya magari ya mashindano. Zinapendeza, ila hazina kofia, na kwa vumbi na hewa ya bahari ya huku zitaanza kugonga mapema, tena ya kubadilisha hutaipata Tanga.

Ukishaifunga, inua gurudumu moja juu kabisa na ukate usukani mwisho hadi mwisho, uone kama fimbo haigusi difu wala springi.

Fundi wa kulehemu atakuambia ile iliyopinda inanyooshwa kwa moto. Kuinyoosha porini ili ufike nyumbani ni sawa. Kuendelea nayo siyo, kwa sababu chuma kilichochomwa hakina tena nguvu ileile, na fimbo hii ndiyo inayoshika magurudumu yote mawili.

4. Reki au boksi jingine

Nunua pale tu ukaguzi umethibitisha. Kwenye Hilux vuta mpira wa reki: ukikuta mafuta ndani, sili imekufa. Mpira uliochanika ukaachwa huleta hasara kubwa, kwani chumvi inakula ule mhimili unaong'aa, vishimo vinatokea, na kila sili mpya unayoweka inakatwa na vishimo hivyo. Reki yenye vishimo usiikarabati, nunua mpya. Ya mtumba ni bahati nasibu isipokuwa muuzaji akuruhusu kuvuta mipira yote miwili kabla ya kulipa.

Boksi linacheza? Juu yake kuna skrubu ya kurekebisha. Robo mzunguko, jaribu, basi. Ukikaza hadi ulegevu wote uishe, usukani utakuwa mgumu katikati na gia zitalika. Safisha kwa brashi ya waya chesisi pale boksi lilipofungwa. Tairi kubwa huipasua hapo, na ufa ukiwepo boksi jipya halitasaidia kitu.

Mafuta ya stelingi ya Toyota hizi ni ya aina ya Dexron. Ukishajaza, inua mbele, zima injini, kata usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, ongeza, kisha washa. Povu kwenye kopo maana yake hewa bado ipo. Usishikilie usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka.

5. Shokapu ya stelingi

Ndiyo inayouzwa sana kuliko zote, na ndiyo inayofunika matatizo ya namba 1 na 2. Inafaa kwa kazi moja: kupunguza pigo linalofika mikononi tairi likigonga jiwe. Ikiwa gari linatetemeka mbele kwa mwendo fulani, tafuta endi, kingpini, bushi ya panhadi au balansi ya tairi kwanza. Chagua ya mafuta matupu. Zenye gesi ya shinikizo husukuma mhimili nje na kuuvuta usukani upande mmoja.

6. Silinda ya haidroliki ya kusaidia

Kwa tairi kubwa mno na mashindano tu. Inataka boksi litobolewe, pampu kubwa na hozi zinazopita palepale mawe yanaporuka. Stelingi ya haidroliki tupu, isiyo na fimbo yoyote toka usukanini, usiifunge kabisa kwenye gari linalorudi barabarani: pampu ikifa, huna usukani.

Baada ya kufunga chochote kati ya hivi, fanya alaimenti gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pikapu ya machungwa ya Muheza ikishushwa nyuma na magunia inabadilika kasta, na vipimo ulivyopiga ikiwa tupu havitakuwa vyake. Omba namba za kabla na baada zikiwa zimeandikwa. Rudi chini ya gari baada ya safari ya kwanza mbaya, ukague kila nati na kila pini.