Marudio Kamili ya Mbio za Magari: Uzoefu Wangu

Ninaishi Likoni, Mombasa, na ninafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Nyali. Mbio nyingi za Formula 1 za Ulaya huanza saa kumi alasiri kwa saa zetu, wakati ambao huwa nakaanga samaki wa wageni. Zile za Austin huanza saa nne usiku na za Mexico saa tano, nami huwa nimechoka hoi. Ndiyo maana tangu mwaka jana nimekuwa nikilipia programu inayohifadhi mbio nzima, ili nizitazame Jumatatu, siku yangu ya mapumziko.

Kwa upande wa yaliyomo, sina lalamiko. Muhtasari wa dakika chache huonyesha ajali na mshindi tu, ilhali mbio za kilomita 305 huamuliwa na mambo ya polepole: matairi yanayochakaa, dereva anayeitwa kubadilisha mapema ili ampite mwenzake bila kumgusa, na gari la usalama, linaloongoza magari yote polepole baada ya ajali na kufuta pengo la sekunde ishirini. Nilikuwa najua kwamba Jenson Button alishinda Kanada mwaka 2011, lakini sikuelewa uzito wa ushindi ule hadi nilipozitazama mbio zenyewe: aligongana na Lewis Hamilton, mwenzake wa timu moja, mvua ikazisimamisha mbio kwa zaidi ya saa mbili, akashuka hadi nafasi ya mwisho, kisha akapanda gari baada ya gari mpaka Sebastian Vettel, aliyekuwa akiongoza, alipoteleza katika mzunguko wa mwisho na kumwachia njia. Zilichukua saa 4 na dakika 4. Subira ya mvua niliiruka, nakiri.

Kasoro iko mlangoni. Ukifungua ukurasa wa mbio za jana, picha ya kwanza unayokutana nayo ni ya mshindi ameinua kombe. Hata picha hiyo isipokuwepo, urefu wa video umeandikwa chini yake, na mtazamaji mzoefu akiona saa tatu hujua papo hapo kwamba mbio zilisimamishwa. Kivukoni, njiani kwenda kazini, sina wasiwasi, kwa kuwa mazungumzo yote ni ya kandanda. Anayenifichulia matokeo ni yule yule ninayemlipa. Siku hizi mpwa wangu ndiye anayefungua programu huku leso ya mama yake ikiwa imefunika runinga, na huiondoa taa za kuanzia zinapowaka.

Kuhusu bando, ubora wa kati unatosha kwa runinga ndogo, na umeme ukikatika video huendelea pale ilipoachia. Nimewaandikia wenye programu mara mbili nikiomba wafiche picha hiyo na urefu wa video. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani. Ya pili bado naisubiri.