Tahadhari: Anauza nishani ya bandia ya Kijerumani, Tai wa Silesia, pamoja na hati ya kughushi

Ndugu wakusanyaji wenzangu, nimetapeliwa euro 480, na ninaandika nikiwa bado na hasira kwa sababu aliyenitapeli atakuwepo sokoni Jumapili ijayo kama alivyokuwepo Jumapili iliyopita, kwenye meza yake ileile yenye kitambaa cha kijani.

Babu yangu alikuwa askari chini ya maofisa wa Kijerumani waliopigana kwetu Afrika Mashariki, na ndiyo sababu ninatafuta vitu vya maofisa hao; habari hizo wengi wenu mnazijua, kwa hiyo sizirefushi. Tapeli huyu naye alizijua ndani ya dakika tano, kwa kuwa nilimweleza mwenyewe. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamjibu Tanga. Akanyamaza kidogo, akanitazama, kisha akasema kwamba babu yake alipigana Tanga mwezi Novemba 1914 chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Angeishia hapo nisingemsadiki, maana vita vya Tanga vinajulikana na kila msomaji wa mambo haya. Lakini aliyataja mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, mahali ambapo hata Watanzania wengi hawapajui kama si wenyeji wa Lindi, akaongeza kwa Kiswahili kilichonyooka, "askari wazuri sana", na moyo wangu ukalainika.

Nishani haikuwa mezani. Aliitoa katika mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwa leso nyeupe, akaifunua pembe moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Alikuwa tai mweusi aliyekunjua mbawa, kifuani ana mwezi mwandamo wenye msalaba, nyuma pini: Tai wa Silesia, daraja la kwanza. Pamoja naye ilikuwepo hati iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa zambarau, ikimtaja babu yake kuwa mpiganaji wa kujitolea.

Maelezo yake yaliniingia akilini. Tunajua kwamba Lettow-Vorbeck na watu wake walifika Berlin Machi 1919, na kwamba Julai mwaka huohuo yeye mwenyewe aliviongoza vikosi vilivyoingia Hamburg. Basi kuna ajabu gani mmoja wao kwenda kupigana na Wapolandi huko Silesia, jimbo la Ujerumani lililopakana na Poland? Sikutaka kumtukuza mtu. Askari wa Freikorps, yaani vikosi vya kujitolea vya Kijerumani vya baada ya vita, ndio waliowaua viongozi wa kikomunisti Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht Januari 1919, nami hilo silisahau. Nilitaka ushahidi wa njia waliyopita watu waliowaamrisha babu zetu, na niliamini kwamba nimeshika kiganjani kitu kinachounganisha Mahiwa na Breslau, mji mkuu wa Silesia.

Akaniomba nimlipe palepale kwa simu, kwa ile njia ya kutumiana fedha baina ya jamaa na marafiki, isiyo na ulinzi wowote kwa mnunuzi, akisema kwamba anakwepa makato. Nikalipa, tena nikamshukuru.

Aibu yangu kubwa ni tarehe. Hati inasema 12 Aprili 1919, ilhali nishani hiyo ilianzishwa na Jenerali Friedeburg, kamanda wa kori ya sita ya jeshi huko Breslau, tarehe 19 Juni 1919. Jambo hili nimelijua kwa miaka. Zaidi ya hapo, daraja la pili lilitolewa kwa utumishi wa miezi mitatu na la kwanza kwa miezi sita. Mtu aliyetua Berlin Machi, miezi sita angeitoa wapi kufikia Aprili? Niliisoma hati mara tatu pale mezani, macho yakakimbilia jina na muhuri, tarehe yakairuka.

Kumfukuza sokoni hakutoshi. Ashtakiwe, arudishe fedha za kila aliyemlaghai, na vyombo anavyotengenezea hati hizo vikamatwe ili asihamie mji mwingine. Amefanya biashara kwa jina la wafu wa Mahiwa, na mtu aliyethubutu hilo sioni sababu ya kumwonea huruma kwa kuwa ni mzee.

Mwenzetu mmoja aliikagua nishani siku ya pili. Kwa kioo cha kukuzia vinaonekana vitundu vya viputo kwenye ukingo wa ubawa wa kushoto, maana imemiminwa katika kalibu. Karatasi ilipomulikwa kwa taa ya urujuanimno ilitoa mwanga wa buluu, kwa kuwa ina kemikali za kung'arisha ambazo karatasi za mwaka 1919 hazikuwa nazo. Na huyo mwenzetu, alipoenda kumwuliza bei, aliambiwa kwamba babu huyohuyo mwaka 1917, mwaka uleule wa Mahiwa, alikuwa vitani mbele ya Riga, huko Latvia.

Polisi nimekwisha kuwapelekea nishani, hati na kumbukumbu ya malipo. Yeyote aliyenunua kitu kwake, au aliyebaki na ujumbe wake kwenye simu, aniandikie kabla ya Jumapili ili malalamiko yetu yaingie katika jalada moja.