Boksi la roboti ya magurudumu manne: linajenga ekipe au linaigombanisha?

Anayefundisha roboti Lubumbashi analijua boksi hili lisilo na jina la kiwanda: vibao viwili vya plastiki angavu, mota nne za njano, magurudumu ya milimita 65, nakala ya Arduino Uno (bodi inayobeba programu), bodi ya L298N ya kuendesha mota, kihisi cha HC-SR04 cha kupima umbali kwa sauti na kishikio cha betri mbili za 18650. Betri hazimo, chaja haimo. Tumelipima kwa swali moja: wanafunzi wakienda nalo mashindanoni, watarudi wakiwa bado ekipe moja?

Watarudi, mradi mtu aangalie betri. L298N inakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri mbili zikijaa zina volti 8.4, mota zinapata kama 6.4, zikishuka hadi 7.4, mota zinabaki na 5.4. Programu inayosema "kata kona kwa milisekunde 600" inageuza roboti nyuzi 90 asubuhi. Mchana haifiki hapo, roboti inagonga ukingo. Aliyeandika programu anasema magurudumu yamefungwa vibaya, aliyeyafunga anasema programu imechezewa, na hakuna mwenye kosa. Mpeni mmoja multimita (kipima volti) na kazi hiyo tu: apime kabla ya kila duru, aandike kwenye daftari ambalo wote wanaliona. Ikishuka chini ya 7.6, badilisha. Nunueni betri nne basi, na mzijaze umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukiwa bado unawaka. Asubuhi ya mashindano si ya kubahatisha.

Vimasikio vya shaba nyuma ya mota ni dhaifu mno, vinakatika waya ukitikiswa mara chache. Lehemu, kisha funika kwa gundi ya moto. Skrubu za kwenye plastiki zikazwe kwa vidole na robo mzunguko tu wa bisibisi, la sivyo kibao kinapasuka. Nakala nyingi za Uno zina chipu ya CH340 ya kuziunganisha na kompyuta: kompyuta ya kuazima huenda isiione bodi, kwa hiyo beba programu yake kwenye flashi.

Kilichotushangaza ni jinsi boksi hili linavyowalazimisha wapinzani kuongea. HC-SR04 inasikiliza sauti ya kilohezi 40, na haijui sauti hiyo imetoka kwa nani. Roboti mbili zikitazamana, moja "inaona" ukuta usiokuwepo. Soma kipimo mara tano, chukua cha katikati. Halafu mkubaliane na jirani mjaribu kwa zamu. Kwenye maboksi yenye HC-05, kibao cha Bluetooth cha kuongoza roboti kwa simu, hali ni mbaya zaidi: zote zinaitwa HC-05, namba ya siri 1234. Simu yako inaweza kuunganika na roboti ya mwenzako na kuiondoa mezani. Ikitokea, kata muunganisho na umwambie mwamuzi papo hapo. Kuizuia: shika kitufe cha HC-05 unapowasha umeme, weka kasi ya mawasiliano ya 38400, andika amri AT+NAME= na jina la ekipe yenu.

Boksi hili haliingii FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi yaliyoanzia Marekani, ambako vifaa vinavyoruhusiwa vimeorodheshwa. Ila mazoezi yake yanafaa huko. Kila mechi ni ekipe mbili dhidi ya mbili, sekunde 30 roboti ikijiendesha, kisha dakika mbili za madereva, na mpinzani wa asubuhi anaweza kupangwa upande wako mchana. Anayemficha jirani betri ya akiba huenda anajifichia mwenyewe.

Ukubwa wa ekipe: watatu au wanne kwa boksi. Wakiwa sita, wawili wanashika bisibisi na wanne wanaangalia, na hao wanne ndio watakaokuwa wa kwanza kulaumu. Wakiwa wengi, chukua maboksi mawili. La pili ni ghala la vipuri pia, hata kwa ekipe nyingine.

Dukani, usilipe kabla boksi halijafunguliwa. Zungusha ekseli ya kila mota kwa vidole: ikikwaruza au ikiteleza bila ukinzani, gia za ndani zimekatika meno. Hesabu mota nne, skrubu ndefu, na nyaya za kike na za kiume. Skrubu ndizo zinazopungua mara nyingi.